Kunawa bila vita asubuhi ya baridi

Hapa Uyole, Mbeya, mwezi wa Juni maji ya bomba yanang'ata, na mwanangu wa miaka 4 akiona beseni tu anajificha nyuma ya mlango. Kwanza pasha maji yawe vuguvugu; yajaribu kwa kiwiko, maana vidole vyetu vimeshazoea sufuria. Tumbukiza majani ya mchaichai, anuse akiwa amefumba macho, abahatishe ni nini. Sabuni ikate vipande vinavyoenea kiganja chake. Akisugua, kwa sekunde 20 hivi, mwambie asikilize: viganja vyenye povu ukivibana vinalia kama chura. Wangu hurudia mpaka sweta linalowa. Kucha namkata akiwa amelala. Hapo sijapata mchezo. Mafuta ya mgando ajipake mwenyewe, mashavu yasipasuke.