Goti likianza kuwasha kwa ndani, usisubiri livimbe

Watu wakisikia nina hemofilia A kali, ugonjwa wa kuzaliwa nao wa damu kuchelewa kuganda, wanashangaa nimewezaje kuwa fundi cherehani. Wanadhani sindano ikinipata kidoleni nitavuja mpaka niishe. Wala. Kidole unakibana kwa kitambaa safi, unatulia dakika kadhaa, kazi inaendelea. Damu yetu haitoki kwa kasi kuliko ya wengine, inachelewa tu kuganda. Kilichoniachia kilema ni damu iliyokuwa ikivujia ndani ya goti la kushoto tangu utotoni, bila tone kuonekana nje. Goti halinyooki vizuri, pedali siiwezi, ndiyo maana cherehani yangu nimeifunga mota. Kwa hiyo mzazi uliyeambiwa juzi kuwa mwanao ana ugonjwa huu, wembe usikunyime usingizi. Chunga magoti, viwiko na vifundo vya miguu.

Uvimbe huja baadaye. Kinachotangulia ni kiungo kuwasha kwa ndani, kama sisimizi wanapita, kisha joto, kisha kukunja kunakuwa kuzito. Mtoto mdogo hawezi kukueleza hayo. Utamwona anachechemea au ameacha kutumia mkono mmoja. Hapo ndipo pa kumpa fakta nane, dawa ya kugandisha damu inayojaza kile mwili wetu unachokosa, ndani ya saa mbili ikiwezekana. Dawa nyingi tunayotumia Tanzania ni msaada unaopitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, na si kila hospitali inayo. Pigia kliniki yako simu kwanza, ndipo upande gari.

Wakati unahangaika na usafiri, kiungo kipumzike na kiinuliwe juu ya mto. Barafu za mfuko za jirani zinafaa sana: zifunge ndani ya kanga, weka dakika 10 hadi 15, toa, rudia baadaye. Isiguse ngozi moja kwa moja. Na asichuliwe! Shangazi atafika na chupa ya mafuta, ameshakunja mikono ya gauni. Mkaribishe, mpe chai, goti asiliguse. Kuchua kunazidisha kuvuja.

Ukifundishwa kuchoma dawa nyumbani, nawa mikono, iache chupa ipoteze ubaridi wa friji, changanya kwa kuizungusha taratibu kiganjani. Usiitikise, itatoa povu. Ingiza kwenye mshipa polepole, halafu bana palipochomwa. Andika daftarini tarehe, kiungo, kiasi na namba ya toleo iliyo kwenye chupa. Fakta nane ya kawaida, baada ya saa 8 hadi 12 nusu yake imeshatumika mwilini, kwa hiyo daktari akisema dozi irudiwe, habahatishi. Na ikiwa dawa inaingia lakini damu haikomi kama zamani, mwambie: mwili unaweza kuwa umetengeneza kinga inayoipiga vita, na kipimo chake kipo.

Kichwa hakina mjadala. Mtoto akigonga kichwa kwa nguvu, fakta kwanza, kipimo cha picha ya kichwa baadaye, hata kama anacheka. Shingo na tumbo vivyo hivyo.

Duka la dawa kuwa mkali. Ukitaja maumivu tu, unapewa diklofenaki. Hiyo, aspirini na ibuprofeni zinazidisha kuvuja, omba parasetamo. Sindano ya msuli, ile ya takoni, kataa. Chanjo apate zote, kwa sindano nyembamba, chini ya ngozi inapowezekana, kisha pabanwe dakika 5 au zaidi. Tohara na kung'oa jino havifanyiki mpaka kliniki ijue na dawa iwepo mkononi. Babu akishikilia jando, nenda naye kliniki akasikie mwenyewe.

Shule nzima haina haja ya kujua, ila mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa lazima. Wapelekee barua ya daktari, na waambie kwa mdomo: asichapwe viboko, akilalamika kiungo nipigiwe simu. Lakini asikalishwe chini ya mwembe wenzake wakicheza. Misuli ikilegea, kiungo kinabaki bila wa kukishikilia. Mpira wa miguu ndiyo mgogoro kila nyumba. Mimi nasema aogelee. Huku Tanga bahari ipo, na maji hayaumizi goti.

La mwisho ni la ukoo. Mama hulaumiwa kwa kuwa ugonjwa hupitia kwake, ilhali karibu theluthi moja ya wagonjwa huzaliwa kwenye familia zisizo na historia yake. Kumlaumu hakuna faida, kupima kuna faida. Dada zake mgonjwa na mama yao wapimwe kiwango cha fakta, kwani wanawake wengine wanaobeba ugonjwa huu nao huvuja sana, kwenye hedhi na baada ya kujifungua. Mwenye mimba aeleze hospitali mapema, ili mkunga asitumie vifaa vya kuvuta kichwa cha mtoto.