Somo: Kuvusha mzigo wa biashara kutoka Dubai hadi Maskati, na kwa majirani wengine wa Ghuba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wengi mnaniuliza swali moja: lori la Dubai kwenda Maskati ni kiasi gani? Hilo ni swali la mwisho, si la kwanza. Bei ya lori unaipata kwa simu moja asubuhi. Kinachokula fedha za watu ni mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia usipomuuliza: mali imetengenezwa nchi gani, na ushuru wake umeshalipwa au bado. Usipoyajua hayo mawili utalipa ushuru mara mbili kwa mzigo mmoja, na nimewaona wenzetu wengi wakilipa hivyo, wakadhani ndiyo kawaida ya mpaka.

Nitakwenda na mfano mmoja: katoni za masufuria na chupa za chai kutoka China, zimenunuliwa kwa jumla Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, zinakwenda dukani Ruwi, Maskati.

Hatua ya 1: Jua mali yako imelala wapi

Nchi sita za Baraza la Ushirikiano la Ghuba, yaani Imarati, Omani, Saudia, Qatar, Bahrain na Kuwait, zilianza umoja wa forodha tarehe 1 Januari 2003. Bidhaa ya nje ikiingia, inalipiwa ushuru kwenye lango la kwanza, mara nyingi 5%, kisha inaweza kuhamia nchi nyingine ya Ghuba bila ushuru huo kudaiwa upya. Serikali huhesabiana zenyewe baadaye kwa utaratibu unaoitwa maqasa. Kazi yako wewe ni kuthibitisha kwamba ushuru ulilipwa kweli.

Mali yaweza kuwa imelala sehemu mbili. Ya kwanza ni eneo huru, mfano Jebel Ali kwenye bandari ya Dubai. Huko haijalipiwa kitu. Kwa macho ya forodha ni kama bado haijaingia nchini. Ikitoka hapo kwenda Omani, ushuru utalipwa Omani, mara moja, yakaisha.

Ya pili ni soko la ndani, kama maduka ya Deira, na hapa ndipo watu wanapoumia. Mwenye duka alileta kontena lake, akalipa 5% yake, na hiyo 5% imo ndani ya bei anayokuuzia. Lakini ushahidi wa malipo ni bayan, lile tamko la forodha lenye jina lake, na hapendi kulitoa kwa kuwa linaonyesha amenunua kwa nani na kwa bei gani. Mnunuzi anaona haya kulidai. Anapakia, anafika upande wa Omani, anatakiwa 5% nyingine. Na ofisa ana haki kabisa, maana huna cha kumwonyesha.

Kwa hiyo itaje bayan kabla hujatoa pesa. Mwambie: mzigo wangu unakwenda Omani, nataka uende kwa maqasa. Muuzaji aliyezoea wateja wa Maskati atakuelewa hapo hapo. Mimi huwa nakubaliana naye ampe bayan wakala wa forodha moja kwa moja, yule anayeitwa huku mukhallis, bila wewe mnunuzi kuiona. Siri yake inabaki salama na wewe unapata haki yako. Akikataa katakata, basi hesabu 5% ya pili kwenye bei yake, kisha linganisha na duka la jirani. Mara nyingi yule aliyeonekana ghali ndiye rahisi.

Hatua ya 2: Usichanganye ushuru na VAT

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hailipwi kwa maqasa. Kila nchi inatoza ya kwake mzigo unapoingia: Imarati na Omani 5%, Bahrain 10%, Saudia 15%. Kuwait na Qatar hawajaianzisha.

Tuseme mali ni dirham 40,000, usafiri na bima dirham 2,000. Forodha huanza kwenye jumla, 42,000, si kwenye bei ya mali peke yake. Ushuru wa 5% ni 2,100. VAT ya Omani inapigwa juu ya 44,100, nayo ni 2,205. Jumla umelipa 4,305. Mzigo huo huo ukiwa na maqasa, ile 2,100 inaondoka, kama riali 220 hivi za Omani. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Ruwi hiyo ni faida ya katoni nyingi.

Kuna na VAT ya Imarati uliyolipa Deira. Mali inayotoka nje ya nchi hutozwa sifuri, ilimradi itoke ndani ya siku 90 na muuzaji apate ushahidi wa kutoka. Wenye maduka wengi huishika hiyo 5% kama amana, wakairudisha ukileta karatasi zilizogongwa. Mpatane kwa maandishi siku ya kununua, kwenye invoisi yenyewe.

Hatua ya 3: Karatasi zifanane na mzigo, katoni kwa katoni

Unahitaji invoisi, orodha ya katoni yenye uzito na idadi, cheti cha asili kutoka chemba ya biashara, tamko la kutoa mzigo Dubai, na hati ya lori. Namba za forodha zinazotambulisha aina ya bidhaa ziwe sahihi pia. Tangu Januari 2025 Ghuba imehamia kwenye namba za tarakimu 12, kwa hiyo usinakili namba ya mzigo wa miaka ya nyuma.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilipakia katoni 212. Wakati mlango wa lori unafungwa, muuzaji kwa moyo mwema akaongeza mbili, akasema hizi zawadi ya mama mwenye duka. Nikashukuru, nikaziweka juu kabisa. Mpakani wakahesabu: 214. Kukashushwa kila kitu, jua la Julai, katoni zimepangwa kwenye sakafu ya saruji mstari kwa mstari, dereva amejibanza upande wa kivuli wa lori na chupa ya maji iliyokwisha. Invoisi mpya ikahitajika, na duka la Deira lilikuwa limeshafungwa. Tulilala pale. Zile katoni mbili za zawadi ziligharimu kuliko katoni ishirini za kununua. Tangu siku ile, zawadi ikija naiandikia bei na inaingia kwenye orodha, au inabaki.

Hatua ya 4: Tazama alama ya nchi kwenye bidhaa

Hii ni fupi lakini usiiruke. Nchi ilikotengenezwa bidhaa iandikwe kwenye bidhaa yenyewe kwa namna isiyotoka, si kwenye katoni tu. Sufuria liwe limechapwa chini. Kibandiko cha karatasi kinachong'oka kwa kucha hakitoshi. Fungua katoni tatu, moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini, ugeuze sufuria ulitazame kabla hujalipa. Vyakula vinataka na maelezo ya Kiarabu.

Hatua ya 5: Chagua njia

Dubai hadi Maskati ni takriban kilomita 450, na kwa mzigo usiojaza kontena barabara haina mpinzani. Lori linapita Hatta na kuingia Omani kwa Al Wajajah, au linashuka pwani ya Fujairah na kuvukia Khatmat Malaha. Kisha ni Sohar na pwani ya Batinah mpaka Maskati. Ukiwa na katoni mia mbili, changia lori na wenzako. Ila waulize hao wenzako wanapakia nini. Karatasi mbovu ya mmoja inasimamisha lori zima.

Wapo wazee wetu wanaokumbuka bidhaa zikishuka Matrah, wanauliza kwa nini tusipeleke kwa meli mpaka pale. Bandari ya Matrah ndiyo Bandari ya Sultan Qaboos, na mizigo yake ya biashara ilihamishiwa Sohar mwaka 2014. Meli itakushushia Sohar, na bado una kilomita 200 na zaidi za lori hadi Maskati.

Kwa Qatar, Bahrain na Kuwait hesabu inabadilika, kwa sababu barabara kutoka Imarati inapita ardhi ya Saudia. Unatoka Ghuwaifat, unaingia Batha, halafu unavuka mpaka mwingine: Salwa kwenda Qatar, daraja la Mfalme Fahd la kilomita 25 kwenda Bahrain, au Khafji kwenda Kuwait. Mzigo unapita Saudia kwa transiti, lori limefungwa sili, na sili ikikatika njiani ni kesi. Kontena zima la Kuwait mimi naliweka melini Jebel Ali bila kufikiri mara mbili. Mzigo mdogo wa haraka wa Bahrain naupeleka kwa lori.

Hatua ya 6: Chagua siku

Tangu Januari 2022 serikali ya Imarati inapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa inafanya nusu siku. Omani na Saudia zinapumzika Ijumaa na Jumamosi. Lori linaweza kupita mpakani siku yoyote, lakini karatasi ikiwa na kosa, mtu wa kuirekebisha hayupo ofisini. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili kuna upande mmoja au pande zote zilizofunga. Mimi napakia Jumapili jioni au Jumatatu, ili kosa likitokea niwe na siku tatu nne mbele yangu ambazo pande zote wako kazini.

Hatua ya 7: Usiache karatasi za kutoka mikononi mwa dereva

Mzigo ukishavuka, ile nakala iliyogongwa ya kutoka Imarati ndiyo inayorudisha VAT yako Deira, na kama mali ilitoka eneo huru, ndiyo inayofungua amana iliyowekwa forodha. Mwambie dereva aipige picha palepale na kukutumia kabla hajawasha gari, kisha ikifika yenyewe uihifadhi.

Maswali ya wanachama

Dada mmoja wa Ruwi: Mimi nanunua mabaibui thelathini tu. Siwezi kuyabeba kwenye gari letu la nyumbani?

Jibu: Kubeba unaweza, dada yangu, kuficha ndiyo usifanye. Mabaibui thelathini yenye lebo ni biashara, hata yakiwa kwenye sanduku la nguo. Beba invoisi, simama mwenyewe upande wa forodha, tamka. Ukifunguliwa buti na hukutamka, unashughulikiwa kama mtu aliyeficha, na gari lina jina la mumeo.

Kijana wa Sharjah: Bosi anataka kupeleka Dammam. Barabara au bahari? Na bidhaa zimetengenezwa kiwanda cha eneo huru, si zinahesabika za Ghuba?

Jibu: Kwa Saudia, hapana. Tangu Julai 2021 Saudia haizihesabu bidhaa za maeneo huru kuwa za Ghuba, kwa hiyo zinalipa ushuru kama za nje. Viwango vyao vingi vilipanda Juni 2020, usikisie 5%. Kisha angalia kama bidhaa inahitaji cheti cha Saber, mfumo wa Saudia wa kuthibitisha ubora wa bidhaa. Kinatolewa kwa jina la mwagizaji wa Saudia, kwa hiyo yeye ndiye aanze. Hayo yakikamilika, kontena zima liende Dammam kwa meli, palleti chache ziende kwa lori kupitia Batha.

Kaka wa Seeb: Manukato je? Naona watu wanayachanganya na nguo.

Jibu: Usiyachanganye, tafadhali. Manukato yana spiriti, ni mzigo unaoshika moto, iwe barabarani au melini. Mwombe muuzaji karatasi ya usalama ya bidhaa, mwambie msafirishaji wazi ni nini, na yapakiwe na kuwekwa alama inavyotakiwa. Lori likipata ajali na moto ukawaka, dereva ndiye aliye karibu nao, wala hakujua amebeba nini.

Mama wa Zanzibar aliyeko Dubai kwa ununuzi: Na mimi ninayepeleka nyumbani, haya yananihusu?

Jibu: Maqasa haikuhusu, mama, kwa sababu Zanzibar iko nje ya umoja huu. Wewe ukipata mali ile ile kwa muuzaji wa eneo huru ni bora zaidi, maana hutabeba 5% ya Ghuba ndani ya bei. Ukinunua Deira, dai VAT yako kama nilivyoeleza. Na kabla kontena halijafungwa uliza kuhusu cheti cha ubora kinachotolewa huku kabla ya kusafirisha, kwani ukaguzi ukikosekana huku utaulipia zaidi bandarini kule.

Kaka wa Barka: Lori likilala mpakani, nani analipa?

Jibu: Anayetajwa kwenye makubaliano, na kama hayakuandikwa ni wewe. Kabla ya kupakia, andika kwenye ujumbe wa simu saa ngapi za kusubiri zimo ndani ya bei, na kila siku ya ziada ni kiasi gani. Dereva naye mpe pesa ya chakula mkononi, usimpitishie kwa tajiri wake.