SOMO: Kununua mbao na vifaa vya useremala Dodoma, usije ukajuta kiangazi kikifika

Wakuu, salaam. Wiki hii watu wanne wamenipigia simu na swali lao ni moja: "Fundi, mbao nilichagua nzuri kabisa, mbona kabati limepasuka?" Nimechoka kulijibu kwa simu, kwa hiyo naliandika hapa na atakayeuliza tena nitamtumia somo hili. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Nkuhungu. Natengeneza meza, milango na makabati, na mbao naenda kununua mwenyewe, simtumi mtu. Bei sitaandika, maana zinabadilika kila mzigo unaposhuka.

Hatua ya 1. Andika orodha ya kila kipande (urefu, upana, unene) kabla hujatoka nyumbani, kisha ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya nyufa na fundo.

Hatua ya 2. Jua unatafuta mti gani. Paini nyingi tunazouziwa hapa zinatoka upande wa Mafinga na Sao Hill. Mtiki unatoka mashamba ya Morogoro na Tanga. Mninga unatoka kwenye misitu ya miombo, Tabora na Katavi huko. Watu wanaupenda mninga kwa rangi yake, lakini sisi mafundi tunaupenda kwa sababu husinyaa kidogo na haujipindi ovyo. Kuna ndugu yake, mkurungu, ambao huchanganywa naye kwenye rundo. Mkurungu ni mzito zaidi na wekundu wake umekolea. Si mbao mbaya, ila usiulipie bei ya mninga. Angalia pia ukingo wa ubao. Ile sehemu ya rangi ya krimu ndiyo nyama ya nje ya gogo, na dumuzi huanzia hapo. Ikiwa pana, omba wakupunguzie bei au uache.

Hatua ya 3. Nenda asubuhi, na ubebe futi yako.

Hatua ya 4. Pima ncha zote mbili na katikati. Ubao unaoitwa inchi moja unaweza kuwa pungufu tangu ulipopasuliwa, na ukiupiga randa pande zote mbili unabaki mwembamba kuliko ulivyopanga. Kulinganisha bei za vipimo tofauti ni rahisi: zidisha inchi kwa inchi kwa futi. Mbili kwa sita ya futi 12 ni 144. Moja kwa nane ya futi 12 ni 96. Gawanya bei kwa namba hiyo na utaona wapi unalipa zaidi kwa mbao ileile.

Hatua ya 5. UNYEVU. Hapa naomba usome polepole.

Mwaka mmoja, mwezi Machi, kifuku kikiwa kimekolea, nilichukua oda ya meza ya chakula ya watu sita. Nikaingia kwenye duka moja la mbao hapa mjini (jina nalihifadhi), nikakuta mbao zimerandwa zinang'aa, zimepangwa ndani, juu kuna bati. Nikazigusa, kavu. Muuzaji akaniambia zina miezi minane. Nikanunua, nikaunga uso wa meza kwa gundi, nikaubana kwenye fremu kwa gundi na skrubu kila upande. Meza ikatoka nzuri, mteja akafurahi. Julai, upepo wa kiangazi ulipoanza kupiga, akanipigia simu. Uso ulikuwa umepasuka katikati, ufa unaingiza sarafu ya shilingi 200. Nilimtengenezea meza nyingine kwa fedha yangu, na ile hasara niliibeba mwaka mzima.

Makosa yalikuwa mawili, na yote yangu. Kwanza, nilipima ukavu kwa kugusa uso. Uso hukauka kwanza, hasa ukirandwa, na ndani maji yamebaki. Pili, niliubana uso wa meza kana kwamba mbao ni chuma.

Elewa hivi. Mbao mbichi ikianza kukauka haisinyai mara moja. Ikishuka chini ya asilimia 30 hivi ya unyevu ndipo inaanza kusinyaa, na hapo haiachi mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hakuna. Ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo, ule wenye michoro ya milima usoni, husinyaa kwa upana karibu mara mbili ya ule wenye mistari iliyonyooka. Sasa hewa yetu unaijua: mvua Desemba hadi Aprili, halafu miezi saba ya ukavu na upepo. Samani iliyoundwa Machi kwa mbao mbichi itamalizia kukaukia sebuleni kwa mteja.

Kwa hiyo, dukani:

– Nyanyua mbao mbili za mti mmoja na kipimo kimoja. Iliyo nzito zaidi kwa kawaida ndiyo yenye maji zaidi.
– Omba wakate ncha, si sentimita mbili, bali 30 hivi kutoka mwisho. Weka shavu kwenye mkato mpya. Ukihisi ubaridi, bado mbichi.
– Kama una kipima unyevu, chomeka sindano kwenye huo mkato mpya, katikati. Usipime usoni. Kwa samani za ndani nataka 12 au chini. Ikisoma 20, ni mbao ya kwenda kuanikwa, haiwezi kuwa meza wiki hii.
– Duka likikataa kukata hata kwa kulipia mkato, ondoka. Usigombane, ondoka tu.

ONYO: maneno "imekaa miezi minane" hayana maana kama hujui imekaaje. Rundo lililobanana bila vijiti vya kutenganisha linaweza kukaa mwaka mzima na katikati bado kuna maji.

ONYO la pili: hata mbao kavu hucheza. Uso wa meza ushikwe na skrubu zinazopita kwenye matundu mapana au vibanio vya mbao vinavyoteleza. Usiugundishe kwenye fremu.

Hatua ya 6. Chagua ubao mmoja mmoja. Shika ncha moja, fumba jicho, tazama ukingo kama unalenga shabaha. Uliopinda kidogo utanyooka kwa randa, uliosokota kama kamba uache. Ukimaliza, rudisha rundo kama ulivyolikuta. Wachache wanaofanya hivyo ndio wanaoitwa mzigo mpya ukishuka.

Hatua ya 7. Vifaa. Gundi ya mbao usichukue ile iliyopangwa dirishani kwenye jua. Geuza kopo, ikiwa na mabonge iache. Vanishi na tina (kiyeyusho cha rangi) za kupima kwenye chupa za maji sinunui kwa kazi ya mteja. Bawaba, zikunje na kuzikunjua pale kaunta, zote, si moja. Plaiwudi itazame ubavuni: hesabu matabaka, tafuta mapengo, na pima unene kwa sababu ya milimita 18 huwa haifiki. Diski ya msumeno, uliza tundu la katikati lina milimita ngapi kabla hujalipa. Meno 24 ni ya kuchana kwa urefu, 60 ni ya kukata plaiwudi bila kumenyeka.

Hatua ya 8. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) na uitunze. Mbao za miti ya asili husafirishwa kwa hati ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na njiani unaweza kuulizwa umezitoa wapi.

Hatua ya 9. Nyumbani, zipange kivulini zikiwa na vijiti vya unene mmoja katikati, kila baada ya futi mbili, kijiti juu ya kijiti. Paka rangi ncha zisipasuke. Usizianike juani.

Maswali karibuni.

---

Mdau wa Kizota: Mkuu, mninga futi moja inaenda shilingi ngapi sasa?

Mleta somo: Soma mwisho wa aya ya kwanza.

Kijana wa Ilazo: Nimepitia haraka haraka. Kwa hiyo nikichukua zilizorandwa ndiyo nimemaliza?

Mleta somo: Hapana. Hatua ya 5.

Kijana wa Ilazo: Lakini muuzaji wangu kasema zimekaushwa kwa tanuri. Unamaanisha anadanganya?

Mleta somo: Simjui muuzaji wako na sijamtaja. Zikitoka tanurini zikalala nje kifuku kizima, zimekunywa maji upya. Mwambie akate ncha mbele yako. Ni dakika moja.

Mama Droo: Asante sana fundi kwa somo. Mimi nimeanza useremala mwaka jana, kipima unyevu sijaweza kununua. Kuna njia ya nyumbani ya kupata namba kamili, si kwa shavu?

Mleta somo: Ipo dada, na ni sahihi kuliko hata kipima. Kata kipande cha sentimita mbili kutoka ndani ya ubao, si nchani. Kipime papo hapo kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kiweke kwenye oveni, nyuzi 103 hivi, kisizidi 105. Kila baada ya saa mbili kipime, mpaka uzito ugome kushuka. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Mfano: kilikuwa gramu 248, kimeishia 200. Tofauti 48, gawanya kwa 200, ni asilimia 24. Mbao iliyotiwa dawa usiiweke kamwe kwenye oveni ya chakula.

Mama Droo: Nimeelewa kabisa. Na lingine, samahani. Nikiingia duka la vifaa wananiuliza "fundi wako yuko wapi?" Nikianza kupima mbao, kijana ananinyang'anya futi. Mnafanyaje?

Mleta somo: Hilo linaniudhi kweli, nimeliona kwa macho yangu. Nenda na orodha yenye vipimo kwa milimita, mpe, na sema "mimi ndiye fundi, nichagulie hizi nizikague." Akiendelea kukudharau, uliza mwenye duka. Mwenye duka anajua mnunuzi wa kila mwezi ana thamani gani. Na ukimpata muuzaji mmoja anayekusikiliza, mshike huyohuyo hata kama duka liko mbali. Mimi navuka mji mzima hadi kwa mama mmoja muuza vitasa na bawaba kwa sababu hiyo. Bawaba mbovu ukimrudishia anabadilisha bila maneno.

Mwenye Uwanja: Mimi ni muuzaji. Mengi umesema kweli, ila tusikilizeni na sisi. Mteja anakuja, anavuruga rundo zima, anachukua mbao mbili, anaacha vijiti chini. Wengine wanataka nikate ncha za mbao tano halafu hawanunui hata moja. Ile iliyokatwa nitamuuzia nani kwa bei ya futi 12?

Mleta somo: Una haki mkuu. Ndiyo maana nimeandika "hata kwa kulipia mkato". Mimi nalipa. Na nakata ubao mmoja kwa kila rundo, si tano. Swali kwako: mzigo mpya unaupanga na vijiti?

Mwenye Uwanja: Mninga na mtiki ndiyo. Paini hapana, inatoka haraka.

Mleta somo: Asante kwa ukweli. Wadau mmesikia, paini chukulieni ni mbichi mpaka mthibitishe.

Mjenzi wa Nzuguni: Naezeka mwezi ujao. Mbao za dawa za kijani nitajuaje dawa imeingia kweli, si rangi tu ya kuchovya?

Mleta somo: Swali zuri. Dawa halisi inasukumwa kwa mgandamizo kwenye mtungi, inaingia ndani. Ya kuchovya inabaki kwenye ngozi. Kata ubao katikati au karibu na hapo, si nchani, kwa sababu nchani hata ya kuchovya inapenya. Paini iliyotiwa dawa vizuri, ukijani unaonekana umeingia kwenye sehemu nyeupe ya nje. Sehemu iliyotoka kiini cha gogo inaweza kubaki bila ukijani, hilo si kosa, dawa haipendi kuingia kiini. Ukiona mstari mwembamba wa rangi pembeni tu kama ganda la yai, rudisha. Na ukishakata, paka dawa kwenye mkato kabla ya kupandisha.

Mgogo wa Bahi: Hapo kwenye dawa, mimi maranda ya fundi nachukua bure natandika banda la kuku. Shida?

Mleta somo: Kama fundi anachana mbao za dawa, acha leo. Dawa nyingi za kijani zina shaba, kromi na aseniki. Kuku wanadonoa kila kitu. Chukua maranda ya mbao zisizo na dawa tu, na uulize kila unapochukua. Vipande vya mbao za dawa msipikie wala msichomee nyama. Moshi na majivu yake ni sumu.

Mgogo wa Bahi: Sikujua kabisa. Nakwenda kuyatoa.

Kijana wa Ilazo: Fundi, kabati langu limeshapasuka tayari. Nijaze gundi na unga wa mbao?

Mleta somo: Sasa umeuliza vizuri. Usijaze bado. Kipindi cha kifuku ufa unajibana wenyewe, ukijaza hapo, kiangazi kikirudi utafunguka tena. Subiri hadi Agosti au Septemba, mbao ikiwa imekauka mpaka mwisho wake. Ndipo uchonge kipande chembamba cha mti uleule, nyuzi zikielekea upande uleule, ukipachike kwa gundi na kupiga randa. Lakini kwanza fungua uone paneli imebanwa wapi. Ukiiachia icheze, ufa hautarudi.

Mama Droo: Nimerudi na majibu. Mtiki wangu nimeupima kwa oveni, umetoka asilimia 19. Nianze au nisubiri?

Mleta somo: Subiri. Upange kwa vijiti, chagua ubao mmoja, uandike tarehe na uzito wake kwa penseli pembeni, uupime kila Jumamosi. Uzito ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, rudia kile kipande cha oveni. Ikifika 12, anza. Na mtiki una mafuta, kwa hiyo kabla ya kuunga, piga randa siku hiyohiyo, futa uso kwa tina, acha ikauke, ndipo upake gundi.