Bawa likijikunja upande mmoja, usikimbilie breki

Wale mnaoruka na paraglaida, lile bawa la kitambaa, Iten, juu ya Bonde la Kerio, mnajua hewa ya saa sita saba mchana pale haina mchezo, jua limechoma bonde tangu asubuhi na joto linapanda kwa nguvu, sasa ukitoka tu pembeni ya hiyo hewa inayopanda bawa linaweza kujikunja upande mmoja ghafla. Wengi hapo mkono unavuta tu breki, zile kamba za mkononi za kugeuza na kupunguza mwendo. Ngoja kwanza! Hamishia uzito kwenye ule upande ambao bado uko wazi, yaani kalia tako la upande huo kabisa kwenye hanesi (kiti chako cha mikanda), halafu breki ya upande huohuo ivute kidogo, ya kutosha tu bawa lisikuzungushe likakupeleka ukutani mwa mlima. Ukizidisha, kale kabawa kalikobaki kanabeba mzigo wote peke yake na kenyewe kanastoli, yaani kanaacha kukubeba, shida inakuwa mbili. Ukishashika mwelekeo na bado halijafunguka lenyewe (mengi ya siku hizi hufunguka kabla hujafanya chochote) ndio unapampu breki ya upande uliokunjika, vuta ndefu mara moja, achia yote, rudia.

Kona za kawaida nazo: angalia unakoenda, egemea, ndio breki ifuate. Kwenye hewa ya fujo mikono ikae usawa wa masikio hivi, breki zikaze kidogo ulisikie bawa. Mtu anaachia breki hewani eti apige selfi, huyo mimi simwelewi kabisa.