Unaisubiri Old Petty kule Uskoti? Jipange hivi kabla hujapanda ndege

Wagolfa wenzangu wa Nairobi, najua wengi mnaiota Old Petty, uwanja mpya wa Cabot Highlands karibu na Inverness. Kauchora Tom Doak, mbunifu wa viwanja vya gofu, unapita kandokando ya kasri la Castle Stuart lenye miaka 400 hivi, na ule uwanja wa kwanza pale pale umeshachezewa mashindano ya Scottish Open mara nne, kwa hiyo hamu ni halali kabisa. 2025 walianza kuingiza watu kidogo kidogo waonje, ufunguzi kamili ukapangwa 2026.

Kitu cha kwanza ni handikapu, ile namba inayoonyesha kiwango chako cha uchezaji. Kama huna, unahitaji kadi za alama za mashimo 54, yaani raundi 3 za mashimo 18 au 6 za mashimo 9, zimesainiwa na mtu uliyecheza naye, na msiache mpaka wiki ya safari jamani. Halafu buku muda wa kucheza kwanza, tiketi ya ndege baadaye. Ukipata Juni chukua hata ya jioni, kule saa nne usiku bado kunaonekana.

Sasa mazoezi, na hapa ndo watu wengi wataumia. Sisi tumezoea nyasi ya kikuyu, mpira unakaa juu juu vizuri, ukitua unasimama. Tena Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali. Kule uko usawa wa bahari, baridi, upepo wa ghuba ya Moray Firth unakupiga usoni, kwa hiyo pale unapopiga fimbo ya aini 8 jiandae kuchukua 7 au hata 6 na usione aibu. Halafu grini changa, yaani ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, huwa ngumu kwa sababu ule utando wa mizizi na majani yaliyooza chini ya nyasi bado haujajengeka, mpira wa juu ukitua unaruka unapotelea nyuma. Fanyia kazi mpira wa chini, utue mbele ya grini uviringike wenyewe, hata kwa pata, ile fimbo ya kuviringishia mpira, ukiwa nje ya grini ni sawa tu, mimi naona hiyo ndo shoti itakayokuokoa kuliko zote. Na mchanga wa banka mpya, yale mashimo ya mchanga ya mtego, mara nyingi haujashikana, mpira unazama, so jifunze kuuchimbua.

Kingine naomba sana, ziba kishimo kinachoachwa na mpira wako ukitua kwenye grini na cha jirani pia, nyasi changa ikijeruhiwa inachelewa kupona na nyuma yako kuna watu wamesubiri kama wewe.

Begi liwe na koti la mvua, glovu za ziada na soksi pea mbili, hata kama asubuhi jua linawaka.