Vitumbua vya kupitisha milangoni, kama bibi alivyonituma

Mikindani nilikokulia, asubuhi ilijulikana kwa masikio. Adhana kwanza, halafu kengele ya baiskeli ya muuza samaki, halafu vikombe vya muuza kahawa vikigongana mkononi, halafu mimi na ndoo yangu. Binti yangu sasa anataka kuanza biashara hiyohiyo, kwa hiyo namwandikia yeye na yeyote mwenye chuma cha vitumbua kilicholala stoo.

Usiku loweka vikombe 2 vya mchele. Unga wa dukani achana nao. Bibi alitwanga kwenye kinu na kuchekecha. Mimi natumia blenda wala sioni haya. Alfajiri chuja maji, saga mchele na tui zito la nazi moja, punje chache za iliki na kijiko cha chai cha hamira, mpaka ukisugua kwa vidole usisikie chenga. Tia sukari nusu kikombe, funika, uache uumuke kama saa nzima.

Chuma kipate moto kwanza. Kila shimo tia mafuta kidogo, mimina uji usijae, punguza moto. Halafu tulia! Kingo zitaachia chuma zenyewe. Bibi alikuwa na spoku ya baiskeli: anaichoma ukingoni, anazungusha mara moja tu, mgongo wa kahawia unatazama juu. Vitatu vya mwanzo hung'ang'ania. Hivyo ni vya mpishi.

Kwenye ndoo tandika kitambaa safi, na juu funika kwa kitambaa, si kwa mfuniko. Siku moja manyunyu yalinikuta njiani nikaubana mfuniko. Kufika mlango wa tatu vitumbua vimetoka jasho, ngozi imelegea kama karatasi iliyolowa. Mama mmoja akakibonyeza kimoja, akakirudisha ndooni bila neno. Afadhali angenigombeza.

Mlangoni ni hodi, kisha shikamoo, kisha "bibi kasema vya moto". Ukitanguliza vitumbua kabla ya shikamoo utaulizwa, "Wewe mtoto wa nani?" na habari itafika nyumbani kabla ya ndoo.

Watakopa. Bibi hakujua kuandika, alichora mistari ya mkaa ukutani nyuma ya mlango wa jikoni, kila nyumba na sehemu yake. Fedha za korosho zikiingia, watu walikuja wenyewe, naye anafuta kwa kitambaa kibichi huku akihesabu kwa sauti ili wote wasikie. Zipo nyumba mbili ambazo mistari yake ilikaa mpaka ukuta ukapakwa chokaa upya. Wewe tumia daftari, na anayefikisha wiki bila kulipa mpe salamu tu.

Njia yako iwe ya muuza kahawa. Akishatua dele lake barazani kwa wazee wa bao, pita nyuma yake kidogo tu, kahawa ikiwa bado chungu mdomoni. Pale nilikuwa namaliza kumi kwa mkupuo mmoja.

Muuza samaki, mtangulie. Mama akishanunua changu wawili, hata umwamkie mara ngapi, atakwambia pitia kesho.