Jinsi ya Kupata Ukaguzi wa Serikali katika Eneo la Nyumba Zinazohamishika Nchini Marekani

Mkazi wa eneo la nyumba zinazohamishika nchini Marekani, yaani nyumba zilizotengenezwa kiwandani na kuwekwa kwenye viwanja vya kukodi, yumo katika hali ya pekee kisheria: mara nyingi nyumba ni yake, lakini kiwanja kilichobeba nyumba hiyo ni cha mwenye eneo, na mabomba, nyaya na barabara zinazokifikia kiwanja ni mali ya mwenye eneo vilevile. Kwa hiyo maji taka yanapofurika nyuma ya nyumba, au umeme unapokatika kila jioni, mkazi hawezi kumwita fundi akayamaliza, kwa sababu fundi wake hana ruhusa ya kugusa kisicho cha mkazi. Meneja akishaarifiwa na kupuuza, njia iliyobaki ni kuiomba mamlaka ya ukaguzi ije ijionee. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo bila kujipalia makaa mwenyewe, kwa kuwa mkaguzi akishaingia anaweza kuandika makosa mengine anayoyaona, hata ya nyumba ya mlalamikaji. Mifano mingi nimeitoa California, ambako sheria ya maeneo haya imeandikwa kwa kina.

Mjue kwanza mwenye mamlaka

Malalamiko mengi hupotea kwa sababu yamepelekwa kwenye ofisi isiyohusika. Wengi hudhani kwamba serikali ya shirikisho ndiyo inayokagua maeneo haya, kumbe inachosimamia ni ujenzi wa nyumba yenyewe kiwandani. Kila nyumba iliyotengenezwa kuanzia tarehe 15 Juni 1976 ilipaswa kufuata viwango vya wizara ya shirikisho inayohusika na nyumba na maendeleo ya miji, na uthibitisho wake ni kibati chekundu kilichobandikwa kwa nje kwenye kila kipande cha nyumba. Nakili namba ya kibati hicho, kwa maana inaweza kuulizwa baadaye, lakini usitarajie kwamba itakusaidia katika suala la mabomba ya eneo: kiwanja na huduma zake vimeachiwa majimbo.

Majimbo nayo hayafanani. Huko California, ukaguzi uko mikononi mwa idara ya jimbo ya nyumba na maendeleo ya jamii, isipokuwa pale ambapo mji au kaunti imeamua kuibeba kazi hiyo yenyewe. Ndiyo maana maeneo mawili yaliyo jirani, moja ndani ya mpaka wa mji na lingine nje yake, yanaweza kuwa na wakaguzi wa ofisi mbili tofauti. Huko Florida, idara ya afya iliyopo katika kaunti ndiyo inayotoa kibali na kukagua. Huko Minnesota, idara ya afya ya jimbo hutoa leseni, na katika baadhi ya sehemu imekasimu kazi hiyo kwa bodi za afya za mitaa.

Swali la kuuliza kwa simu, basi, ni moja: ni ofisi gani inayotoa kibali cha kuendesha eneo hili? Ofisi inayotoa kibali, au iliyokasimiwa kazi hiyo, ndiyo inayokagua, kwa kuwa kibali ndicho fimbo yake. Ukishaipata, omba nakala ya ripoti ya ukaguzi wa mwisho na orodha ya makosa ambayo bado hayajarekebishwa. Hizo kwa kawaida ni nyaraka za umma, na huko California ofisi inayoombwa nyaraka za umma ina siku 10 za kumjulisha mwombaji kama itazitoa. Watu huiruka hatua hii kwa haraka ya kulalamika, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu kosa lililokwisha kuandikwa na mkaguzi halihitaji kuthibitishwa upya na mkazi.

Tenganisha mambo ya mkaguzi na yasiyo yake

Kodi ya kiwanja iliyopandishwa, tozo zisizoeleweka, notisi ya kuhama na ugomvi juu ya kanuni za eneo si kazi ya mkaguzi. Hayo ni mambo ya mkataba baina ya mkazi na mwenye eneo, na kwa kawaida huamuliwa mahakamani. California imefungua dirisha la kuyapokea tangu tarehe 1 Julai 2020, lakini ni mpango unaojitegemea, wenye fomu yake. Ukiyachanganya na suala la bomba lililopasuka katika barua moja, afisa atakayeisoma ataona ugomvi wa kodi, na bomba litasahaulika.

Maji ya kunywa yana msimamizi wake. Eneo lenye kisima chake, likiwa na miunganisho 15 au zaidi inayotumiwa na wakazi wa mwaka mzima, au likihudumia kwa kawaida watu 25 wa namna hiyo, huhesabiwa na sheria ya shirikisho kuwa mfumo wa maji wa jamii. Linapaswa kupima maji na kuwapatia wateja ripoti ya ubora wake kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai kupita. Kama hujawahi kuiona ripoti hiyo, ulizia kwa mamlaka ya maji ya kunywa ya jimbo. Gesi inayoingia kwa mita kuu moja na kusambazwa na mwenye eneo ina wakaguzi wa usalama wa mabomba ya gesi. Ukisikia harufu ya gesi, hata hivyo, usiandike barua yoyote: toka nje, waondoe watu, kisha piga simu ya dharura ukiwa mbali na nyumba.

Yanayobaki ndiyo ya mkaguzi wa eneo: maji taka, nyaya na visanduku vya umeme, mifereji ya maji ya mvua, taa za barabarani, barabara za ndani, mpangilio wa viwanja, nafasi baina ya nyumba, takataka na wadudu, pamoja na majengo ya pamoja kama vile chumba cha kufulia.

Anza kwa nyumba yako

Katika utaratibu wa California, mwenye eneo huwajibika kwa huduma na maeneo ya pamoja, na mkazi huwajibika kwa nyumba yake pamoja na kila kilichoongezwa juu ya kiwanja: baraza, ngazi, banda la vifaa, paa la kuegeshea gari. Haijalishi kama baraza hilo lilijengwa na aliyekuuzia nyumba. Mkaguzi huandika anachokiona, na jina linalowekwa kwenye notisi ni la anayemiliki sasa.

Zunguka nyumba yako kama angeizunguka yeye. Tazama kisanduku cha umeme kilichosimama kando ya nyumba: je, mfuniko upo na unafunga, au soketi iko wazi kwa mvua? Plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia kuzunguka soketi ni dalili ya joto kali, na hilo kwa kawaida ni la mwenye eneo, kwa kuwa kisanduku ni chake; lakini ekstensheni inayotoka hapo, ikapita chini ya nyumba hadi kwenye banda ulilolifanya chumba cha kulala, ni kosa lako. Inama utazame chini ya nyumba. Mbao, matairi, makopo ya rangi na chochote kinachoshika moto hakiruhusiwi kuhifadhiwa hapo. Fuata bomba la maji taka mpaka linapoungana na mdomo wa bomba la eneo; kiungo kikiwa kimefungwa kwa utepe wa gundi na chini yake pana unyevu, kwanza ujue uvujaji uko upande gani wa kiungo, maana hapo ndipo wajibu unapogawanyika. Ngazi zisizo na vishikio na baraza linaloyumba huandikwa mara kwa mara, na kuvirekebisha mapema ni nafuu kuliko kungoja kuandikiwa.

Nafasi baina ya nyumba huleta matata zaidi, kwa sababu haitengenezeki kwa nyundo. Katika maeneo ya California yaliyojengwa kuanzia tarehe 15 Septemba 1961, nyumba mbili zinazotazamana kwa ubavu zinapaswa kuachana kwa futi 10, yaani takriban mita 3. Katika yale ya zamani zaidi, futi 6. Masharti haya yapo kwa ajili ya moto, unaoruka upesi sana kutoka nyumba hadi nyumba. Kabla ya kumlalamikia jirani kwamba amesogea, tafuta alama za pembe za kiwanja. Zikiwa hazipo au zimehamishwa, hilo lenyewe ni jambo la kuripoti, na pengine ndilo chanzo cha ugomvi wote.

Kuandika malalamiko

Malalamiko mazuri ni mafupi na yana mahali, tarehe na madhara. Sentensi isemayo kwamba eneo ni chafu na meneja hajali haimpi mkaguzi pa kuanzia. Linganisha na hii: "Tangu tarehe 3 Machi, maji taka yanatoka kwenye mfuniko ulio baina ya viwanja namba 14 na 15, hasa asubuhi, yanapita barabarani hadi mahali watoto wanapongojea basi la shule, meneja aliarifiwa kwa maandishi tarehe 5 na tarehe 12 Machi, na nakala zimeambatishwa." Anayesoma maneno hayo anajua aende wapi, saa ngapi, na kwa nini asichelewe.

Uzito wa tatizo uutaje kwa uaminifu, kwa kuwa ratiba ya ofisi hutegemea hapo. California inatofautisha hatari ya papo kwa papo kwa maisha, ambayo ukaguzi wake unatakiwa kufanyika ndani ya siku 5 tangu malalamiko kupokewa, na hatari kubwa isiyo ya papo hapo, ambayo hupewa siku 30. Waya ulio wazi penye maji uko katika kundi la kwanza. Shimo barabarani haliko huko, na anayeliita dharura hupunguza uzito wa barua yake ijayo. Ambatisha picha zinazoonyesha namba ya kiwanja pamoja na tatizo. Wakazi kadhaa wakitia sahihi pamoja ni bora zaidi, na pia inakuwa vigumu kwa mwenye eneo kumwandama mmoja wao.

Siku ya ukaguzi na baada yake

Ukaguzi wa malalamiko na ukaguzi wa eneo zima ni mambo mawili. Huu wa pili, huko California, hutanguliwa na taarifa ya maandishi kwa mwenye eneo na kwa wakazi angalau siku 30 kabla, na hapo mna muda wa kutosha wa kufagia na kukarabati. Mkaguzi hutazama kwa nje. Akitaka kuingia ndani ya nyumba yako anahitaji ridhaa yako au hati ya mahakama. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1967 katika kesi ya mkaguzi wa nyumba wa San Francisco. Mpokee kwa heshima, mwonyeshe ulichoandika, kisha muulize jina lake na namba ya jalada.

Notisi ya ukiukaji ikitoka, isome kwa makini uone kila kosa limeandikwa kwa jina la nani. Kwa makosa yasiyo ya hatari ya papo hapo, California hutoa siku 60 za kurekebisha. Kama kosa ni lako na fedha hazitoshi kwa muda huo, usinyamaze hadi mkaguzi arudi; omba nyongeza kwa maandishi, ukitaja kilichokwisha kufanyika, na uambatishe risiti. Kama limeandikwa kwa jina lako kimakosa, kwa mfano bomba lililo upande wa eneo, tumia haki ya kupinga iliyoelezwa kwenye notisi hiyohiyo, kabla ya tarehe iliyotajwa. Baadhi ya matengenezo, hasa ya umeme na gesi, yanahitaji kibali cha ujenzi kabla ya kuanza. Kurekebisha kosa bila kibali huzaa kosa jipya.

Muda ukipita na mwenye eneo hajafanya lolote, iandikie ofisi ukitaja namba ya jalada na kuuliza tarehe ya ukaguzi wa marudio. Pale ambapo mji au kaunti inakagua kwa niaba ya jimbo na haitimizi wajibu wake, peleka nakala kwa idara ya jimbo, ambayo inaweza kuirudisha kazi hiyo mikononi mwake. Hatua kali zaidi ni kusimamishwa kwa kibali cha uendeshaji: huko California, mwenye eneo ambaye kibali chake kimesimamishwa haruhusiwi kukusanya kodi ya viwanja mpaka makosa yarekebishwe. Wakazi wengi huifurahia habari hiyo, lakini kabla ya kuishinikiza ofisi ifike huko, mtafuteni mwanasheria wa msaada wa kisheria, kwa sababu kibali kikifutwa kabisa eneo linaweza kufungwa, na nyumba iitwayo ya kuhamishika, hasa iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1976, ni vigumu kuipatia kiwanja kingine kitakachoipokea.